Mwajiriwa au mtu wa mkataba? Kuingia kampuni kubwa ya bayoteknolojia ukiwa Dar

Ofa ya kampuni kubwa ya dawa ikiingia kwenye barua pepe, macho ya wengi wetu yanakimbilia mstari wa pesa. Sifuri zikionekana za kutosha, inatafutwa kalamu. Mstari huo ndio unaodanganya kuliko yote. Milioni tatu za mwajiriwa na milioni tatu na nusu za mtu wa mkataba si pesa za aina moja, na kwa hesabu nitakayoiweka hapo chini, ile inayoonekana ndogo ndiyo kubwa.

Mwongozo huu ni wa mfamasia, mteknolojia wa maabara, mtu wa takwimu, daktari aliyechoka zamu za usiku, na mhitimu wa sayansi ya viumbe ambaye bado anazunguka na bahasha Posta. Nimeuandika kwa hatua, lakini hatua hizo hazina uzito sawa. Ya pili, ya tatu na ya nne zisome mara mbili.

Hatua ya 1: Jua kazi zilizopo Dar ni zipi

Viwanda na maabara kuu za bayoteknolojia viko mbali na sisi. Genentech, iliyoanzishwa mwaka 1976 na kununuliwa yote na Roche mwaka 2009, iko South San Francisco. Roche wenyewe makao yao ni Basel, Uswisi. Amgen wako Thousand Oaks, California, na Novo Nordisk wako Denmark. Ukitamani kukaa unabuni kingamwili mpya kwenye maabara yao, hiyo ni safari ya viza na si ya mwongozo huu.

Dar kuna kazi zinazozunguka dawa hizo. Ya kwanza ni usajili. Mtengenezaji wa nje anayetaka dawa yake isajiliwe na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) anatakiwa awe na mwakilishi wake hapa nchini, na kazi hiyo inaangukia wafamasia. TMDA si ofisi ya kupelekewa faili lenye mapengo: mwaka 2018, wakati bado inaitwa TFDA, ilikuwa ya kwanza Afrika kutambuliwa na Shirika la Afya Duniani kuwa imefikia ngazi ya tatu ya ukomavu, yaani mfumo wake wa kudhibiti dawa ni imara. Ya pili ni ufuatiliaji wa usalama wa dawa zikishaingia sokoni. Ya tatu ni majaribio ya kitabibu. Bagamoyo, mwendo mfupi tu kutoka Mwenge, ilikuwa kituo kimojawapo cha majaribio ya chanjo za malaria RTS,S na R21, na hii ya R21 ilipendekezwa na Shirika la Afya Duniani Oktoba 2023. Kila jaribio la namna hiyo linahitaji wauguzi, watu wa maabara, watu wa data na wafuatiliaji wanaozunguka vituoni kukagua mafaili. Kisha kuna mnyororo baridi, yaani kusafirisha na kutunza dawa kwenye ubaridi unaotakiwa, kuna mauzo, na kuna kazi za takwimu unazoweza kuzifanya ukiwa sebuleni Sinza ilimradi umeme usikatike. Kwa uzalishaji wenyewe, kilicho karibu ni kiwanda cha Kibaha cha viuadudu vya kibaolojia vya kuua viluwiluwi vya mbu, kilichojengwa kwa teknolojia ya Cuba chini ya Shirika la Maendeleo la Taifa.

Kwa hiyo usitafute jina la kampuni ya dawa pekee. Tafuta pia kampuni zinazoendesha majaribio kwa niaba yao, kama IQVIA, na taasisi zetu wenyewe kama Taasisi ya Afya Ifakara, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) na chuo kikuu cha afya cha Muhimbili (MUHAS), kwa sababu pesa nyingi za utafiti hupitia huko. Na mtu akikuomba "ya maji" ili akuunganishe na kazi, huyo hana kazi.

Hatua ya 2: Uliza mwajiri wako ni nani

Swali linaonekana la kitoto, lakini liulize. Kwenye jengo moja, ghorofa moja, meza zinazotazamana, wanakaa watu wa aina tatu. Yupo aliyeajiriwa na kampuni yenyewe. Yupo aliyeajiriwa na wakala, kisha wakala akampeleka pale. Na yupo mtoa huduma, mtu aliyeingia mkataba wa huduma kwa jina lake au la kampuni yake ndogo, anayedai malipo kwa ankara kila mwezi.

Mazungumzo ya kawaida huwa hivi. Unapiga simu kwa wakala:

"Samahani dada, kwenye huu mkataba mwajiri ni ninyi au ni kampuni?"

"Mwajiri ni sisi kaka, wao ni mteja wetu. Wewe utaripoti kwao tu."

"Likizo naomba kwa nani?"

"Unaomba kwao, halafu unatutaarifu na sisi."

"Na wakisema hawanihitaji tena?"

Hapo ndipo simu inapokuwa kimya kidogo. Jibu la swali hilo la mwisho ndilo unalolitaka kwa maandishi: mteja akikukataa, wakala anakutafutia nafasi nyingine, anakulipa notisi, au anakuambia asante kwa kushirikiana nasi? Wakala mzuri ana jibu tayari. Anayebabaika, mwombe akuandikie barua pepe, na usisaini mpaka ifike.

Upande wa ajira ya kweli, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri akupe maelezo ya ajira yako kwa maandishi: kazi yako, mahali, saa, mshahara na mengineyo. Wiki ni saa 45, na muda wa ziada hulipwa mara moja na nusu. Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo, Jumamosi na Jumapili zikiwa humo humo. Ukiugua una siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara. Uzazi ni siku 84, na 100 ukijifungua zaidi ya mmoja. Mlipwa kwa mwezi hupewa notisi ya siku 28 akishapita mwezi wa kwanza kazini. Mtoa huduma hana hata kimoja kati ya hivi, isipokuwa alichokiomba mwenyewe na kikaandikwa.

Muda wa majaribio nao usiuchukulie kama kanuni ya heshima tu. Mtu mwenye chini ya miezi sita kazini hawezi kudai kwamba ameachishwa isivyo haki. Usikope gari mwezi wa tatu.

Hatua ya 3: Tazama namna kazi inavyofanyika, usitazame kichwa cha karatasi

Mkataba unaweza kuandikwa "Mkataba wa Huduma za Ushauri" kwa herufi kubwa na mhuri juu, na bado sheria ikakuona wewe ni mwajiriwa. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 kinasema mtu huchukuliwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, likiwepo mojawapo ya mambo haya: anaelekezwa namna ya kufanya kazi, saa zake zinapangwa na mwingine, ni sehemu ya taasisi anayoifanyia kazi, amefanya wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu iliyopita, anamtegemea huyo mtu kiuchumi, anapewa vifaa vya kazi, au anamfanyia kazi huyo mmoja tu.

Jipime. Unatakiwa kufika Masaki saa mbili kamili, kompyuta ni ya kwao, meneja ndiye anayekupangia wiki, na huna mteja mwingine. Huo si ushauri. Hiyo ni ajira iliyovalishwa koti.

Makampuni makubwa yanalijua jambo hili kuliko sisi, na yana sababu. Miaka ya 1990 wafanyakazi wa muda wa Microsoft walifungua kesi Marekani wakidai wamefanya kazi kama waajiriwa wengine lakini wakanyimwa mafao, ukiwemo mpango wa kununua hisa. Mwaka 2000 Microsoft ikakubali kulipa dola milioni 97 kuimaliza. Tangu hapo kampuni kubwa za Marekani, zikiwemo za bayoteknolojia, zimekuwa makini kuchora mstari. Ndiyo maana utakuta kadi yako ya mlangoni ina rangi tofauti, anwani yako ya barua pepe imewekewa alama, hualikwi kwenye sherehe ya mwisho wa mwaka, na mkataba wako una kikomo ambacho meneja anayekupenda kweli kweli hawezi kukisogeza. Wengi huumia moyo wakidhani ni dharau. Mara nyingi ni mwanasheria wa makao makuu tu, anaogopa ankara ya namna ile.

Hili lina faida kwako kwenye mazungumzo. Wakikupa mkataba wa huduma, dai na uhuru unaoendana nao: uchague saa zako, uruhusiwe kuchukua mteja mwingine asiyegongana nao, upimwe kwa kazi iliyokamilika. Wakisema hapana kwa yote, waulize kwa upole kwa nini basi isiwe ajira. Swali hilo likiulizwa bila ukali limewahi kubadilisha ofa.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya mwaka mzima

Chukua kalamu. Tuseme mwajiriwa ana mshahara wa 3,000,000 kwa mwezi. Mchango wake wa mfuko wa hifadhi ya jamii (NSSF) ni asilimia 10, yaani 300,000. Kodi ya mshahara inakatwa kwenye 2,700,000 zinazobaki: 270,000 za mwanzo hazina kodi, kisha inapanda asilimia 8, 20, 25, na juu ya milioni moja ni 30. Jumla ya kodi ni 638,000. Anapeleka nyumbani 2,062,000. Kama alisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu, ondoa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 450,000, zibaki 1,612,000. Inauma, lakini deni hilo lipo ukiwa mwajiriwa au usiwe.

Angalia sasa kisichoonekana kwenye karatasi ya mshahara. Mwajiri anaongeza 300,000 nyingine NSSF, kwa hiyo kila mwezi kuna 600,000 zinazoingia kwa jina lako. Anachangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) asilimia 0.5. Na ukiwa likizo Lushoto kwa mama, mshahara unaingia.

Upande wa pili, mtoa huduma amekubaliana 3,500,000 kwa mwezi. Anajiona amempita mwenzake kwa laki tano. Lakini mikataba ya huduma ina mapengo: unasubiri kuongezewa muda, mradi unachelewa kibali cha maadili, mwezi wa kumi na mbili makao makuu wamefunga. Tuseme amelipwa miezi 10. Hiyo ni 35,000,000 kwa mwaka. Matumizi ya kazi, yaani kompyuta, intaneti, usafiri, leseni na mhasibu, tuseme 5,000,000. Kodi inapigwa kwenye 30,000,000: milioni 12 za mwanzo zinabeba 1,536,000, na milioni 18 zilizobaki kwa asilimia 30 ni 5,400,000. Jumla 6,936,000. Kilichobaki ni 23,064,000, ukigawa kwa 12 unapata 1,922,000.

Kwa hiyo huyu wa milioni tatu na nusu ana pungufu ya 140,000 kila mwezi kuliko yule wa milioni tatu, na hapo hana NSSF, hana bima ya afya, hana fidia akijichoma sindano.

Ili wawe sawa, yaani mkononi wapate kile kile pamoja na zile 600,000 za akiba, mtoa huduma anatakiwa adai karibu 4,800,000 kwa mwezi, na bima ya afya bado haimo. Ukitaja bei hiyo mtu wa manunuzi atashtuka kidogo. Mwache ashtuke, kisha mwonyeshe hesabu. Wao hesabu yao wanaijua, wanachongoja ni kuona kama na wewe unaijua.

Kuna tego moja hapa. Mteja wa ndani atakata kodi ya zuio asilimia 5 kwenye kila ankara, na watu wengi hudhani wamemalizana na Mamlaka ya Mapato (TRA). Ile ni malipo ya awali tu. Kwenye mfano wetu zuio la mwaka ni 1,750,000 wakati kodi yenyewe ni 6,936,000. Zile 5,186,000 zinazobaki zinadaiwa kwa awamu nne, Machi, Juni, Septemba na Desemba, kwa makadirio unayopeleka wewe mwenyewe. Fungua akaunti ya pembeni, kila malipo yakiingia tenga robo yake, na usimwambie mtu kwamba ipo.

Hatua ya 5: Vifungu vya kukaa navyo usiku mmoja

Malipo. Kampuni kubwa hulipa siku 30, 60, wakati mwingine 90 baada ya kupokea ankara. Mwenye nyumba wa Dar anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Omba siku 30, na uombe malipo ya mwanzo kama kazi ni kubwa. Jambo dogo linalokwamisha watu kila siku ni namba ya oda ya manunuzi, ile inayoonyesha kampuni imeidhinisha kununua huduma yako: ankara isiyo na namba hiyo mfumo wao unaitema, na hakuna anayekuambia mpaka umeuliza wiki ya sita. Usianze kazi kabla hujaipata, hata meneja akikuhakikishia kwamba "iko njiani".

Ugunduzi na maandishi. Karibu kila mkataba wa bayoteknolojia unasema ulichobuni ni chao. Ni haki kwa kazi waliyokulipa. Tazama mipaka yake: je, kinagusa na ulichokuwa nacho kabla, au ulichokifanya Jumapili kwa kompyuta yako? California ina kifungu, namba 2870 cha sheria yao ya kazi, kinachomlinda mwajiriwa kwa alichobuni kwa muda wake na vifaa vyake mwenyewe, ilimradi hakihusiani na biashara wala utafiti wa mwajiri. Wewe mtoa huduma wa Tabata hakikuhusu, kwa hiyo omba sentensi ya namna hiyo iandikwe kwenye mkataba wako. Kama una programu, hojaji au tasnifu uliyokwisha kuiandaa, iorodheshe kwenye kiambatisho kabla ya kusaini.

Usiri. Jina la dawa iliyo kwenye majaribio, idadi ya washiriki, hata kwamba jaribio limesimama, vyote ni siri. Kampuni ikiwa iko kwenye soko la hisa, habari ya matokeo ambayo haijatangazwa ikikufanya ununue au uuze hisa, au umdokeze shemeji anunue, ni kosa la jinai kwa wenzetu, na kuwa mtu wa mkataba hakukukingi.

Sheria ya nchi gani, na mgogoro uamuliwe wapi. Wakiandika mahakama za Delaware au Zürich, jiulize nauli utaitoa wapi.

Kwa wanaofundisha vyuo vya umma au walio hospitali za serikali: kibali cha mwajiri wako kwanza, mkataba baadaye.

Hatua ya 6: Makaratasi ya mtoa huduma

Namba ya mlipakodi (TIN) inapatikana TRA bila malipo. Ukitaka jina la biashara au kampuni, ni kwa wakala wa usajili wa biashara, BRELA. Leseni ya biashara inatoka halmashauri yako, iwe Jiji, Kinondoni, Temeke, Ubungo au Kigamboni, na maombi yanafanyika kwenye mfumo wa TAUSI. Suala la mashine ya kutoa risiti za kielektroniki (EFD) liulize TRA siku hiyo hiyo. Wafamasia na wateknolojia wa maabara, hakikisheni usajili wa Baraza la taaluma yenu haujaisha muda. Kampuni kubwa hukagua, na hukagua tena kila mwaka.

Anayefanya kazi kutoka nyumbani kwa kampuni ya Marekani ataletewa fomu ya W-8BEN. Ijaze kwa makini: inathibitisha kwamba wewe si mtu wa Marekani, na kazi ukiifanyia Dar mapato hayo hayahesabiwi kuwa yametokana na Marekani, kwa hiyo ile kodi yao ya asilimia 30 haikuhusu. Wakikuletea W-9 usiisaini, hiyo ni ya watu wao. Mapato hayo unayatangaza TRA, kwa sababu mkazi wa Tanzania hutozwa kodi kwa mapato ya popote, na huko hakuna atakayekukatia zuio. Bei kwa dola haina shida kwa mteja wa nje. Kwa mteja aliyeko hapa nchini andika shilingi, kanuni za 2025 zimekataza bei na malipo ya ndani kwa fedha za kigeni.

Halafu kuna saa. Kikao cha saa tatu asubuhi San Francisco ni saa moja usiku hapa kwetu wakati wa kiangazi chao, na saa mbili usiku wakati wa baridi. Kubaliana mapema ni vikao vingapi kwa wiki, la sivyo futari ya Ramadhani na ibada ya jumuiya vyote vitakukuta umevaa vipokea sauti.

NSSF inapokea waliojiajiri. Jiandikishe mwezi ule ule wa malipo ya kwanza, ukingoja "nikikaa sawa" hutakaa.

Hatua ya 7: Wiki za mwanzo

Utapewa rundo la mafunzo ya kompyuta, na kila moja lina cheti. Usibonyeze tu "endelea". Mkaguzi akija, kitu cha kwanza anachoomba ni ushahidi kwamba ulifundishwa kabla hujagusa kazi, na tarehe zinasema. Kama unaingia kwenye majaribio ya kitabibu, fanya kozi ya kanuni za uendeshaji mzuri wa majaribio hata kabla ya usaili, zipo za bure mtandaoni. Nakala za vyeti vyote weka kwako, maana siku mkataba ukiisha mfumo wao unakufungia mlango saa ile ile.

Kitu kinachowaponza wageni ni kuandika. Chukulia daftari la joto la friji ya chanjo, inayotakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Saa mbili asubuhi kipimo kinasoma 9.1, wewe kwa haraka umeandika 6.1. Unagundua saa nne. Usifute. Usipake wino mweupe. Usichane ukurasa. Piga mstari mmoja juu ya 6.1 ili bado isomeke, andika 9.1 pembeni, weka herufi za jina lako, tarehe, saa, na sababu: "nilinakili vibaya". Kisha chanjo zenyewe usizitupe wala usizitumie; zitenge ndani ya baridi, zibandike karatasi ya "zisitumike", na umpigie msimamizi. Friji inaweza kuwa ilipanda joto usiku TANESCO walipokata na jenereta ikachelewa, hilo linaelezeka. Tarakimu iliyopakwa wino mweupe haielezeki kwa mkaguzi yeyote, na mtu wa mkataba kwa kosa hilo hapewi hata barua ya onyo, mkataba wake hauongezwi tu.

La pili: madhara ya dawa. Kampuni nyingi zinakutaka uripoti ndani ya siku moja ya kazi habari yoyote ya madhara ya dawa yao, popote ulipoisikia. Popote ni popote. Shangazi akisema kwenye kitchen party kwamba ile sindano ya kisukari ilimtapisha siku tatu, kama ni dawa ya kampuni yako umeshapata kazi ya kufanya. Wajibu huu unawahusu waajiriwa na watu wa mkataba sawasawa.

Sampuli za damu au tishu haziendi nje kwa sababu Mzungu ameomba. Zinahitaji makubaliano ya kuhamisha sampuli na kibali kinachopitia NIMR. Taarifa za washiriki zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kwa hiyo orodha ya majina haitumwi WhatsApp, hata kwa bosi, hata "mara moja tu".

Ukishika damu, dai chanjo ya homa ya ini B, dozi tatu katika miezi sita, na uulize siku ya kwanza dawa za kukinga VVU baada ya ajali zipo wapi, kwa sababu zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na mapema ndiyo vizuri. Mwajiriwa akiumia ana WCF. Mtoa huduma hana, kwa hiyo kifungu cha nani analipa matibabu kiwe kimeandikwa mapema.

Hatua ya 8: Kuomba kuingizwa kwenye ajira

Usingoje wakukumbuke. Miezi mitatu kabla mkataba haujaisha, mwombe meneja kikao, na uende na orodha fupi ya ulichokamilisha: mafaili mangapi yamepita TMDA bila maswali ya nyongeza, ukaguzi gani umepita. Uliza kama nafasi imo kwenye bajeti ya mwaka unaokuja, kwa sababu meneja bila nafasi iliyoidhinishwa hana la kukupa isipokuwa sifa. Nafasi zikitangazwa omba rasmi kama watu wa nje. Na kama una mkataba wa ajira wa muda maalumu, tunza kila ujumbe unaosema "tutaendelea na wewe". Sheria inatambua matarajio ya msingi ya kuongezewa mkataba, lakini matarajio hayo yanahitaji ushahidi, na maneno ya kwenye lifti si ushahidi.

Wapo wanaokataa ajira kwa makusudi. Mtu mwenye wateja watatu wa usajili wa dawa, mwenye nidhamu na ile akaunti ya pembeni, anaweza kuishi vizuri kuliko meneja. Lakini ni watatu. Mwenye mteja mmoja ni mwajiriwa asiye na likizo.

Hatua ya 9: Siku ya kuondoka

Rudisha kompyuta na kadi ya mlangoni kwa hati ya makabidhiano iliyosainiwa pande zote mbili. Usijitumie faili lolote kwenye barua pepe yako binafsi wiki ya mwisho, hata wasilisho ulilotengeneza mwenyewe. Mifumo yao inaona. Mwajiriwa aombe cheti cha utumishi, malipo ya likizo ambazo hakuzitumia, na kiinua mgongo kama ajira imesitishwa akiwa ametimiza mwaka au zaidi: mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliotimia, mwisho miaka kumi. Mkataba wa muda maalumu ulioisha wenyewe hauna kiinua mgongo hicho.

Mtoa huduma, tuma ankara ya mwisho kabla oda ya manunuzi haijafungwa, na uombe cheti cha kodi ya zuio kwa kila malipo uliyokatwa. Bila vyeti hivyo TRA watakudai pesa iliyokwisha kulipwa.

Kama unaamini umeachishwa isivyo haki, una siku 30 kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA); madai mengine ya kazi ni siku 60. Nenda hata kama karatasi yako imeandikwa ushauri, ukiwa na mkataba, ankara, picha ya kadi, na barua pepe zinazoonyesha nani alikupangia saa. Wengi hukosa haki yao kwa sababu walikaa miezi miwili wakimsubiri HR arudi likizo.